Kikosi Hakijipi Jina

Tarehe 21 Juni 1813 jeshi la Wafaransa lilivunjika karibu na mji wa Vitoria, kaskazini mwa Hispania. Joseph Bonaparte, kaka mkubwa wa Kaizari Napoleon, aliyekuwa amekalishwa kwenye kiti cha ufalme wa nchi hiyo, alichupa kutoka kwenye gari lake, akadandia farasi na kutokomea. Wapanda farasi wa Kiingereza wa Rejimenti ya 14 wakalipekua gari, na miongoni mwa mali za mfalme wakakuta chombo cha fedha cha kukojolea usiku. Wakaondoka nacho. Ndipo wakaitwa Vijakazi wa Kaizari, na jina likaganda. Wenyewe wala hawakununa: chombo wakakiita Kaizari, na warithi wa kikosi hicho hadi leo hukinywea shampeni kwenye dhifa zao. Tuamini kilisuguliwa vizuri.

Lakabu ya kikosi ni utani, na mtu hajitanii mwenyewe. Lazima awepo mtani. Wangoni na Wahehe walimwagana damu karne ya 19, leo wanataniana hadi misibani. Ulaya nako vikosi vilitaniana. Waskoti wa Royal Scots, kikosi kilichoundwa 1633 kwenda kumtumikia mfalme wa Ufaransa, waligombania ukongwe na rejimenti ya Picardie. Inasimuliwa kwamba Wafaransa walidai wao walikuwa zamu usiku ule Yesu alipozikwa. Waskoti wakajibu: tungekuwa sisi, tusingelala lindoni. Tangu hapo wakawa Walinzi wa Pontio Pilato.

Mengine hayana kisa kirefu. Mwaka 1744 makanali wawili walioitwa Howard waliongoza vikosi viwili katika jeshi moja; kimoja kikatambulishwa kwa kola na mikono ya kijani ya sare zake, kikawa Green Howards. Kikosi cha 9 kilivaa nembo ya Britannia, mwanamke aliyeketi. Inasemekana Wahispania walimdhania Bikira Maria, basi askari wakaitwa Vijana Watakatifu. Kwa tabia zao, sidhani kama walistahili.

Pale Albuera, Mei 16, 1811, hapakuwa na mzaha. Kanali William Inglis wa Kikosi cha 57 alipigwa risasi za mzinga shingoni, akakataa kuondolewa, akalala karibu na bendera akiwahimiza watu wake wasife kirahisi. Zaidi ya 400 waliuawa au kujeruhiwa, katika kikosi cha watu wapatao 600. Waliosalia wakaitwa Wagumu wa Kufa.

Mara nyingine mtani ni adui. Wapanda farasi weusi wa Marekani, ambao vikosi vyao viliundwa mwaka 1866, waliitwa Askari Nyati na Wahindi Wekundu waliopigana nao, wengi wakisema ni kwa sababu ya nywele zao. Jina la kujichagulia ni jambo jingine. Jeshi la Idi Amin lilikuwa na kikosi cha Simba kule Mbarara na cha Kujiua kule Masaka. Februari 1979 miji yote miwili ilitekwa na jeshi la Tanzania, JWTZ, na lakabu iliyobaki vinywani mwa Waganda ni ya roketi zilizokuwa zikiwavumia: saba saba.

Kwetu, watani wakubwa walikuwa ndimi zetu. Mwaka 1902 Waingereza waliunganisha vikosi vyao vya Afrika Mashariki na Kati kuwa King's African Rifles. Herufi tatu, K, A na R, zikatafunwa zikatoka Keya, na babu aliyepigana Burma alikuwa mtu wa Keya, basi. Wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi, Nyasaland waliitwa tengatenga. Huku kwetu jeshi lao, Carrier Corps, likawa Kariakoo.

Hawakuwa na bendera wala dhifa. Kambi yao ya Dar es Salaam iligeuka soko, na alfajiri ukipita pale utawakuta wachukuzi wameinama chini ya magunia ya viazi, wakipiga kelele watu wapishe njia.