Mtoto Hospitalini na Jamaa Walio Kando ya Kitanda Chake

Katika hospitali nyingi za Tanzania, zikiwamo zilizoanzishwa na misheni za Kilutheri, mtoto mdogo anapolazwa mama yake hubaki naye, akimlisha, akimwosha na kumbembeleza usiku. Jambo hilo limezoeleka mno hata ni wachache wanaofikiri kwamba lina historia. Lakini huko Ulaya, zilikotoka taratibu nyingi za wodi, lilipiganiwa kwa miaka mingi.

Hadi miaka ya 1950, hospitali nyingi za Uingereza ziliwazuia wazazi wasikae na watoto wao, kwa kuhofia maambukizo na kwa kupenda utulivu wa wodi. Mnamo mwaka 1949 palikuwa na hospitali mashuhuri jijini London ambako, katika mwezi wa kwanza, wazazi waliruhusiwa tu kumtazama mtoto akiwa amelala. Wauguzi hawakuwa wakatili. Waliona jinsi mtoto anavyolia mzazi anapoondoka, wakadhani kwamba kutembelewa ndiko kunakomdhuru. Yule aliyenyamaza baada ya siku kadhaa alihesabiwa kuwa amezoea.

James Robertson, mtumishi wa ustawi wa jamii aliyefanya kazi pamoja na Dk. John Bowlby, aliuona ukimya huo kwa jicho jingine. Alieleza kwamba mtoto aliyetengwa na mama yake kwanza hulia na kupinga, kisha hukata tamaa, na hatimaye huufunga moyo wake. Mwaka 1952 alionyesha filamu ya Laura, msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane kwa upasuaji wa ngiri ya kitovuni. Laura hakulia sana. Alijizuia kwa namna inayohuzunisha kuitazama, na siku ya kuondoka alikataa kuushika mkono wa mama yake. Madaktari wengi walioiona filamu hiyo walikasirika. Hata hivyo, Dk. James Spence wa Newcastle alikuwa amekwisha kuwalaza akina mama pamoja na watoto wao tangu miaka ya 1920. Mwaka 1959 kamati ya Sir Harry Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao bila kubanwa na saa. Hospitali nyingi zilichelewa kutii, hata akina mama wa Battersea, London, wakaunda chama chao mwaka 1961 ili kulidai jambo hilo.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika habari hii. Mary Ainsworth, aliyekuwa katika kundi la Bowlby, alikwenda Uganda mwaka 1954, akajifunza vijijini kwa Waganda jinsi mtoto mchanga anavyomfanya mama kuwa ngome yake. Na katika hospitali ya Mulago, Kampala, kituo cha Mwanamugimu kilichoanzishwa mwaka 1965 kiliwapokea watoto wenye utapiamlo pamoja na mama zao, ambao walifundishwa kupika chakula bora kwa mazao ya nyumbani.

Hata hivyo, kuwapo kando ya kitanda peke yake hakutoshi. Ipo desturi mbaya ya kumtisha mtoto kwa kumwambia, "Nyamaza, ama sivyo daktari atakuchoma sindano." Mtoto huyo atamwonaje daktari kuwa rafiki? Yafaa aambiwe kweli kwa maneno machache: kwamba sindano itauma kidogo, na kwamba mama atamshika. Mzazi anayelazimika kuondoka amuage, hata kama atalia, kuliko kumtoroka akiwa usingizini. Na kanga ya mama iliyoachwa kitandani ni faraja kubwa. Baba, bibi au shangazi washike zamu, maana mama aliyekesha siku tano hana tena nguvu za kubembeleza. Nao wanaokuja kutazama wagonjwa wakumbuke kunawa mikono na kuja wachache wachache. Watu ishirini wakiimba kwa sauti kuu humchosha mtoto mwenye homa.

Mtoto akirudi nyumbani, huenda akaanza tena kukojoa kitandani, kumng'ang'ania mama au kumkasirikia bila sababu inayoonekana, kama Laura. Asichapwe wala kuchekwa. Kwa kawaida hali hiyo hupungua kadiri siku zinavyopita, na ikidumu kwa majuma mengi, yafaa arudishwe kwa daktari.