Pete ya Mwalimu wa Viborg

Mnamo mwaka 1899 mwalimu wa shule katika mji wa Viborg, Denmark, Hans Christian Mortensen, aliwavisha kwezi 165 pete nyepesi za alumini miguuni, zimepigwa chapa ya namba na jina la mji, kisha akawaachia. Kabla yake Wazungu walibishana sana juu ya waendako ndege wakati wa baridi. Wapo waliodai kuwa mbayuwayu hulala matopeni! Kweli, mwaka 1822 aliuawa Ujerumani korongo mwenye mkuki wa Kiafrika umemchoma shingoni. Lakini mkuki ule ulikuwa barua isiyo na anwani. Mwalimu mwenzetu ndiye aliyeitia anwani.

Katika Afrika Mashariki kazi hiyo imestawi hasa Ngulia, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, Kenya. Hoteli ya hapo ilifunguliwa mwaka 1969, na taa zake kali ziliwekwa ili wageni watazame wanyama usiku. Novemba na Desemba, ukungu ukitanda na mwezi usipoonekana, ndege wasafirio usiku kutoka Ulaya na Asia huvutwa na mwanga ule, wakashuka kwa maelfu. Graeme Backhurst na David Pearson waliongoza kazi hiyo kwa miaka mingi. Ndege hunaswa kwa nyavu nyembamba. Kila mmoja hunasuliwa taratibu kwa vidole, hupimwa bawa na uzito, huvishwa pete, huachiwa aendelee na safari. (Vitabu vyetu huita majira yale ya Ulaya “vuli”, nao hufika Kenya katika mvua zetu za vuli. Neno moja, majira mawili.)

Miongoni mwao yumo kindege wa hudhurungi, Acrocephalus palustris, asiye na uzuri wa kutazamwa. Bibi Françoise Dowsett-Lemaire aliwasikiliza madume wake huko Ubelgiji, na mwaka 1979 akaeleza kwamba kila mmoja huiga, kwa wastani, sauti za aina 76 za ndege, zaidi ya nusu yake wakiwa wa Afrika. Pete husema hasa pale ndege anaponaswa tena au kuokotwa amekufa. Huyu hutaja njia yake angali hai, juu ya kijiti, na mwenye kuzijua sauti za ndege wa kwetu aweza kumfuata kituo kwa kituo.