Kutoka Titanic hadi tangi la mafuta
Juzi hapa Ujerumani tulilala na baridi kali: mafuta ya kupashia nyumba joto yalikwisha, hakuna aliyechungulia tangi. Basi tumejitengenezea kipimo cha mwangwi.

Kumbe wazo lenyewe la zamani. Titanic ilipozama 1912, Mjerumani Alexander Behm alitaka kugundua milima ya barafu kwa mwangwi. Barafu haikujibu vizuri, sakafu ya bahari ikajibu. 1913 akasajili ugunduzi wake.

Chetu ni hivyo hivyo: kinakaa juu ya tangi, sauti ikirudi baada ya milisekunde 6, mafuta yako kama mita 1 chini. Namba inarushwa kwenye simu bila waya. Ila fimbo ya kupimia hatujaitupa, betri nazo huisha!