Kicheko Kilichokaribia Kumeza Uhuru Park

Wasee, leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Tulikuwa na kikao cha vijana huku Riruta, mimi nikiwa mwenyekiti. Mada ilikuwa karo ya chuo. Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, so hiyo mada inanigusa hadi kwa mfupa. Dada mmoja akasimama akaanza kueleza vile ule mfumo mpya wa ufadhili wa 2023 ulimweka bendi ya 5, ile ya familia zenye uwezo, na mamake anauza mboga. Kabla afike mbali, msee fulani wa nyuma akaropoka: "Bendi ya tano? Kwani mnapiga rhumba?"

Watu wakavunjika mbavu. Na mimi, mwenyekiti mzima, nikaongezea: "Basi atuimbie moja."

Akatabasamu kidogo, akaketi. Alikuwa anataka kutuonyesha vile mtu hukata rufaa. Hatukusikia hiyo sehemu, na hajawahi kurudi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: utani wa nje ya mada unafaa kushikwa vipi? Jibu nilipata kwa historia ya hapa hapa tao.

Rudi 1989. Kenya ni ya chama kimoja, KANU, na kila mbunge ni wa KANU. Kunapangwa jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, makao ya gazeti la chama, Kenya Times. Mshirika wao ni Robert Maxwell, tajiri wa magazeti kutoka Uingereza. Profesa Wangari Maathai anaanza kuandika barua kwa kila ofisi. Hoja yake ni rahisi: hii ndiyo nyasi ambayo mtu wa kawaida analala Jumapili bila kulipa chochote, mbona mnaichukua?

Tarehe 8 Novemba, jambo likafika Bunge. Hapo wabunge wangejibu: pesa ni za nani, deni litalipwa na nani, watu wa Nairobi wataenda kupumzika wapi? Badala yake wakaanza mambo ya talaka. Maathai alikuwa ameachana na bwanake, so wakaliita Green Belt Movement kundi la wanawake waliotalikiwa. Wakacheka.

Angalia hiyo vizuri. Talaka na orofa 60 zinakutana wapi? Hakuna mahali. Huo mzaha ulikuwa na kazi moja tu: kufanya swali la bustani lipotee.

Na Bunge lina sheria ya mambo kama hayo. Spika anaweza kumnyamazisha mbunge anayezunguka nje ya mada. Mbunge mwenzake pia anaweza kusimama kwa hoja ya nidhamu. Lakini Maathai hakuwa mbunge. Aliyekuwa anachekwa hakuwa na maiki.

Mwezi uliofuata, siku ya Jamhuri, Rais Moi akasema hadharani kwamba wapinzani wa jumba hilo wana wadudu kichwani. Green Belt wakatolewa kwa ofisi yao. Yaani kilichoanza kama kicheko kikaishia kufukuzwa. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Maathai hakunyamaza. Aliwaambia mjadala huu unahitaji kiungo kilicho juu ya shingo, si vile vya chini. Huo pia ni utani, lakini umeona unarudi wapi? Kwa mada. Wafadhili wa nje wakajiondoa, na jumba halikujengwa. Nyasi iko. Mwaka wa 2004 yeye akapewa Nobel ya Amani.

Ungedhani tulijifunza. Mwaka wa 2006, Njoki Ndung'u alipopeleka Bungeni Mswada wa Makosa ya Ngono, mbunge mmoja alisema mwanamke wa Kiafrika akikataa huwa anamaanisha ndiyo. Wabunge wanawake wakatoka nje. Sheria ilipita mwaka huo huo, lakini ubakaji ndani ya ndoa ukaachwa nje.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi tukae kama tuko matangani. Mwishoni mwa miaka ya 90, vijana watatu wa Redykyulass walimuigiza Moi akiwa bado Ikulu, na nchi ikacheka woga wake ukapungua. Mmoja wao, John Kiarie, ni mbunge wetu huku Dagoretti Kusini tangu 2017. Utani wao ulimlenga mwenye nguvu, na ulikuwa ndani ya mada kabisa.

Kwa hivyo nikiwa kwa kiti siku hizi, najiuliza mambo mawili. Utani huu unarudi kwa mada ama unaikimbia? Na anayechekwa ana maiki ya kujibu? Kama unarudi, tucheke. Kama unakimbia, sifukuzi mtu. Nasema "turudi kwa mada," alafu narudisha maiki kwa aliyekatizwa mpaka amalize. Muhimu zaidi, mimi mwenyewe sicheki. Mwenyekiti akicheka, amepiga kura.

Dada wa bendi ya 5, kama unasoma hii, kiti chako kiko. Kuja umalizie ile sehemu ya rufaa. Kuna watu hapa bado wanaihitaji.