Mtumba

Zamani mtumba ulikuwa furushi la bidhaa lililofungwa vizuri. Ndilo walilojitwika wapagazi wa misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda bara. Siku hizi neno limehama kutoka mzigo hadi hali ya kitu: kilichokwisha kutumika ng'ambo. Kwa hiyo mzazi wa Kiwalani, Dar es Salaam, anayetaka picha za mwanawe akicheza mpira husema sawasawa anapouliza kamera ya mtumba. Nalipenda neno hili, maana linataja hali ya bidhaa kabla ya bei.

Na kamera hununulika hivyo bila hofu. Canon au Nikon ya miaka kumi iliyopita bado inatosha. Pesa zaidi ziende kwenye lenzi. Kwa maulidi, kipaimara au harusi ya ndani, ile ya Canon ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, toleo la 2015, hupokea mwanga mwingi na bei yake ni ya chini. Uwanjani haifiki mbali. Huko tafuta ya milimita 200 au 250, uweke kasi ya 1/500 ya sekunde au zaidi, la sivyo mguu wa mchezaji utatoka kama moshi.

Jihadhari na ukungu. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu, na kuvu huota ndani ya vioo. Mulika lenzi kwa tochi ya simu. Ukiona vinyuzi vyeupe, mrudishie muuzaji, hata akipunguza bei.