Viota vya Mpanda na Katavi: Habari za Waliochunguza Uzazi wa Ndege

Wasikilizaji, nanyi wasomaji mtakaoyapata maneno haya kitabuni, leo nataka kusimulia habari za elimu ambayo watu wengi huidhania kuwa mchezo wa watoto, nayo ni elimu ya viota. Mtoto achungaye mbuzi hukijua kiota kilipo. Lakini ni wachache wajiulizao kwa nini ndege yule aliuchagua mti ule, na kwa nini alitaga mwezi ule na si mwingine. Maswali hayo mawili yana historia yake, na sehemu ya historia hiyo imepita katika nchi ya Mpanda, Karema, Katavi na bonde la Rukwa.

Mwaka 1880 Wadachi Richard Böhm, Paul Reichard na Emil Kaiser walitoka Unguja wakashika njia ya bara. Böhm alikuwa mtaalamu wa elimu ya wanyama. Walikaa Kakoma, kusini ya Tabora, kisha wakaendelea hata Karema, kando ya ziwa Tanganyika, mahali ambapo Wabelgiji walikuwa wamejenga kituo mwaka 1879. Safari ile ilikuwa ya taabu nyingi. Kaiser alifariki karibu na ziwa Rukwa mwaka 1882, na Böhm akafa kwa homa ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika nchi ya Katanga, tarehe 27 Machi 1884, naye hajatimiza miaka thelathini.

Ngozi za ndege alizozipeleka kwao zilionyesha kwamba msitu wa miombo una viumbe wasiopata kuandikwa katika vitabu vya wataalamu, na watatu kati yao wakapewa jina lake. Wa kwanza ni ndege mla-nyuki, mwenye rangi ya kijani na kichwa chekundu cha udongo. Wa pili ni ndege afananaye na mbayuwayu, mwenye mkia mfupi sana, hata arukapo mtu humdhania kuwa popo. Wa tatu ni ndege mdogo wa miombo akamataye inzi.

Lakini ngozi iliyokaushwa haisemi kitu juu ya maisha ya ndege. Wale watatu hukaa nchi moja, lakini kila mmoja ana nyumba yake. Mla-nyuki huchimba shimo refu ardhini akataga mwisho wake. Yule afananaye na popo huingia ndani ya mibuyu yenye uwazi, au katika visima vilivyoachwa, akashuka chini gizani na kukigandisha kiota chake ukutani kwa mate. Wa tatu mara nyingi hutaga katika kiota kikuukuu kilichoachwa na mnana. Basi, ukiukata mbuyu ule umemfukuza mmoja, wala wenzake hawana habari. Ndiyo maana kumjua ndege hakutimii mpaka umejua atagapo.

Kazi ya kukaa chini na kutazama ilifanywa sana na Reginald Moreau, aliyekuwa Amani, katika milima ya Usambara, tangu mwaka 1928 mpaka 1946. Yeye na mkewe Winifred, pamoja na wasaidizi wao Waafrika, walitazama viota saa nyingi wakihesabu ndege huja mara ngapi na huleta nini. Mwaka 1941 walichapisha habari za hondohondo, ambaye jike hujifungia ndani ya pango la mti, mlango ukazibwa ukabaki ufa tu, na dume humlisha kupitia ufa huo. Kwa kuhesabu namna hii wataalamu waliona kwamba ndege hataki kutaga ovyo; huyapanga mayai yake ili watoto waanguliwe wakati chakula ni kingi. Kwa wengi mvua ndiyo kalenda yao, lakini si wote huifuata kwa namna moja.

Sasa turudi Rukwa. Wazee waliikumbuka sana miaka ya nzige wekundu, iliyoanza 1930 ikaendelea hata 1944, na bonde la Rukwa lilikuwa moja la mazalio yao. Mwaka 1949 nchi kadhaa ziliunda shirika la kuwapiga vita nzige hao, makao yake yakiwa Abercorn, mji uitwao sasa Mbala. Mmoja wa wataalamu wake alikuwa Desmond Vesey-FitzGerald. Kazi yake ilikuwa nzige, lakini mtu hawezi kuwajua nzige asijue majani, wala majani asijue maji, naye akaingia katika habari za ndege. Mwaka 1957 alichapisha maelezo juu ya uzazi wa mwari mweupe katika bonde la Rukwa, na mwaka 1960, pamoja na J. S. S. Beesley, orodha ya ndege wa bonde hilo.

Mwari hutaga chini, mamia kwa maelfu pamoja, na ulinzi wao ni maji au matope yanayowazunguka. Maji yakikauka mapema, fisi hupata njia, nao wazazi huweza kuyaacha mayai na makinda. Basi kwa ndege huyu maji ni boma, tena ni ghala ya samaki.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa. Wadachi waliihifadhi nchi ya Katavi mwaka 1911, na mwaka 1974 ikawa hifadhi ya taifa. Lakini mpaka wa hifadhi hauzuii mto kupunguzwa juu yake. Wataalamu walioandika mwaka 2010 walionyesha kwamba maji ya mto Katuma, yanayolisha maziwa ya Katavi na Chada, yamepungua sana wakati wa kiangazi, kwa sababu ya mabwawa na mifereji ya mashamba ya mpunga, na kwa kufyekwa kwa misitu. Mpunga ni chakula, wala hakuna wa kumlaumu mtu alishaye watoto wake. Hata hivyo ndege naye alisha watoto wake kwa maji yale yale, na mkulima wa chini pia huyangoja.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi jambo moja. Ukiona kiota, usikiguse. Andika tarehe, jina la mti, idadi ya mayai ukiweza kuyaona kwa mbali, na kama mvua imenyesha. Fanya hivyo mwaka hata mwaka, katika daftari moja. Böhm aliacha ngozi, na Moreau akaacha hesabu. Nanyi mnakaa pale pale viota vilipo, jambo ambalo wao hawakulipata. Haba na haba hujaza kibaba.