Karamu Iliyopigwa Marufuku

Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Sisi huutumia msemo huu kumsuta kijana aonaye haya kusema lugha ya mamake. Lakini wako watu ambao hawakuiacha asili yao kwa hiari. Walilazimishwa kwa sheria na kwa jela. Kisa chao kina funzo kwa kila nyumba yenye watoto.

Watu hao ni Wakwakwaka'wakw, wenyeji wa asili wa pwani ya magharibi ya Kanada, kandokando ya kisiwa cha Vancouver. Ni watu wa bahari kama sisi, wavuvi na wachongaji wa mitumbwi. Tangu zama za kale walikuwa na karamu kubwa iitwayo potlachi. Mtoto akipewa jina, watu wakioana, au mzee akifariki na jamaa wakataka kufutwa machozi, mwenye shughuli hualika koo zote. Watu hula, hucheza ngoma za ukoo, na mwisho mwenyeji ndiye atoaye zawadi, si mgeni. Kila apokeaye huwa shahidi wa jina lile, ndoa ile au msiba ule. Kwao mkubwa hakuwa yule akusanyaye mali, bali yule aigawaye.

Wakubwa wa serikali na wamisionari waliuita utoaji huu upotevu na ushenzi. Ikatungwa sheria, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1885: mwenye kufanya potlachi afungwe miezi miwili hadi sita. Fikiri, ndugu msomaji: kumlisha jirani kukawa jinai! Itikadi zao si zetu, lakini dhulma ni dhulma.

Watu wakaendelea kwa siri, katika visiwa vya mbali. Desemba 1921, Dan Cranmer alifanya karamu ya siku sita huko Village Island, akagawa mitumbwi, vyerehani na magunia ya unga. Habari zikamfikia afisa wa serikali. Watu zaidi ya 40 wakashtakiwa, wakaambiwa kwamba koo zikisalimisha vinyago na mavazi yao ya ngoma, hukumu zitasimamishwa. Wengine wakasalimisha, watu kama 20, wanaume kwa wanawake, wakapelekwa gerezani. Vitu vyenyewe vikatandazwa katika ukumbi wa kanisa mjini Alert Bay, watazamaji wakatozwa kiingilio. Kisha vikatawanywa katika majumba ya makumbusho, na vingine vikauzwa New York.

Wala haikuishia kwa wazee. Mwaka 1929 ilifunguliwa hapo Alert Bay shule kubwa ya bweni. Watoto walitengwa na wazazi wao, wakaadhibiwa kwa kusema lugha yao. Mimi niliyezeeka nikisomesha watoto najua maana yake: mtoto asiyeelewana na bibi yake amekatwa mzizi.

Sheria ile iliondolewa mwaka 1951. Wenyewe wakadai mali zao mpaka nyingi zikarudi, zikahifadhiwa katika majumba mawili: moja lilifunguliwa Cape Mudge mwaka 1979, na la pili Alert Bay mwaka 1980. Hili la pili wameliita U'mista. Zamani neno hilo lilitumiwa kwa mateka aliyekombolewa akarudi kwao.

Leo potlachi hufanywa hadharani, na tangu 1996 Kanada nzima huadhimisha tarehe 21 Juni kuwa siku ya wenyeji wa asili. Je, mambo haya ni ngoma na chakula tu? Mwaka 1998 wataalamu wawili, Chandler na Lalonde, walitoa uchunguzi wao juu ya vijana wa jamii hizo waliojiua katika jimbo la British Columbia. Waliona kwamba jamii zilizokuwa na mambo sita mikononi mwao, yakiwemo utawala, shule, tiba na jumba la mila, hazikupoteza kijana hata mmoja kwa njia hiyo katika miaka ile iliyochunguzwa. Vifo vingi vilikuwa katika jamii chache.

Basi afya haimo katika chupa ya dawa peke yake. Imo pia katika kuitwa kwa jina lako mbele ya watu wako, na kuwa na mtu wa kukufuta machozi.

Wenzetu walifungwa jela kwa kukusanyika, na hawakuacha. Sisi hakuna sheria inayotukataza kukaa mkeka mmoja na watoto wetu baada ya chakula cha usiku. Kama hatukai nao, tumshitaki nani?